Daytona ya Dhahabu Kiganjani

Hapa Kampala ukitaja rolex, mtu hufikiria kwanza chapati iliyoviringishiwa mayai, nami sina ugomvi na hilo, hasa asubuhi. Jumapili iliyopita, hata hivyo, mzee mmoja wa Kololo anayekusanya saa za zamani alinipa nishike Rolex ya aina nyingine kabisa: saa ya mkononi ya kampuni ya Rolex, toleo la Daytona la dhahabu, namba 6263, ya miaka ya 1970, yenye vibonye vya kufungwa kwa skrubu ili maji yasipenye.

"Itie ufunguo kwanza, mwanangu," aliniambia, kwa kuwa Daytona za kabla ya 1988 hazijijazi zenyewe kwa mwendo wa mkono. Nilifungua kifundo cha ubavuni mwa saa, nikakizungusha polepole, nikahisi meno madogo yakipokezana chini ya kidole.

Chapa ya 750 ilionyesha dhahabu ya karati 18, yaani sehemu 750 za dhahabu safi katika kila 1000. Dhahabu hiyo ni laini kuliko chuma, na hapo ndipo penye uchungu wa mzee: fundi mmoja wa mjini aliing'arisha kupita kiasi, pembe zikawa butu kama sabuni iliyotumika, na wakusanyaji hushusha bei kwa kasoro hiyo.

Ajabu ni kwamba Daytona ya mwigizaji wa Marekani Paul Newman, iliyouzwa mnadani New York mwaka 2017 kwa zaidi ya dola milioni 17, ilikuwa ya chuma. Mimi bado ningechagua hii ya dhahabu, na ubutu wake.