Delivari kwa baiskeli Dodoma: jua nalikwepa, upepo ndo shughuli

Watu wakijua nafanya delivari kwa baiskeli hapa Dodoma swali la kwanza ni jua, unawezaje na jua lile? Jua lipo sikatai, ila jua linakwepeka, unatoka mapema, saa saba unajibanza kwenye kivuli, saa kumi unarudi barabarani. Usichoweza kukwepa ni upepo. Kuanzia Juni mpaka Septemba hivi unavuma kutoka mashariki na kusini mashariki, na mji nao unakua kuelekea huko huko, barabara ya Dar, Ipagala, Nzuguni, Ihumwa mpaka Mtumba kwenye mji wa serikali. Yani mzigo unaupeleka huku unapigana na upepo, alafu ukishashusha ndo unarudi mtupu unasukumwa kwa nyuma. Ingekuwa kinyume chake ningesema asante.

Kazi yenyewe ni vitu vidogo. Dawa za duka la dawa, nguo na vipodozi vya kina dada wanaouzia status, makaratasi ya maofisini, na msosi wa mchana wa mama ntilie mmoja pale Majengo. Baiskeli ni Phoenix ya kawaida tu, keria ya chuma nyuma. Uhindini, Makole, Area C, Area D nachukua buku, boda hapo mara nyingi anataka mbili, na mi siweki mafuta kwaiyo buku ni yangu.

Kwa upepo nilichofanya ni kupanga muda. Alfajiri huwa umetulia, ikifika saa nne hivi ushaamka kabisa. Mizigo yote ya upande wa Nzuguni naipeleka saa kumi na mbili asubuhi hata kama mteja alisema mchana, nampigia jana yake namwambia mzee naomba nikuletee mapema kabla hujatoka, wengi wanakubali. Maonyesho ya wakulima ya Nane Nane mwanzoni mwa Agosti yako huko huko Nzuguni, viwanja vinafurika na wenye mabanda wanahitaji vitu kila saa, hapo asubuhi nakwenda kwa baiskeli, oda za mchana naziacha. Baridi ya asubuhi hizo ni ya kweli, mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na usiku wa Julai unashuka mpaka nyuzi 13 au 14, wa Dar wakija wanashangaa. Navaa soksi mikononi, wacheke tu.

Vumbi nalo lina dawa yake. Vijana wengi wanamwagia mnyororo oili chafu ya gari ukawa mweusi unang'aa, alafu ule mchanga mwekundu unanasa pale na kusaga meno ya gia taratibu. Mi nafuta mnyororo kwa kitambaa kikavu kila jioni, naweka matone machache ya mafuta ya cherehani, nafuta tena yale ya nje. Macho nalinda kwa miwani ya plastiki ya mafundi, ile nyeupe.

Sasa mbigiri. Asiyekaa Dodoma anadhani miiba ni ile mirefu ya migunga, ile unaiona. Mbigiri inatambaa chini, wakati wa mvua inatoa maua ya njano mazuri tu hata mbuzi wanapita juu yake, mvua zikikata Aprili kwenda Mei yale matunda yanakauka yanakuwa vijiba vya kuchoma kila upande, yamejaa pembeni mwa lami na kwenye kila njia ya mkato. Na shida ni kwamba Aprili mpaka mwisho wa Juni ndo Bunge la bajeti, mji unajaa watu wenye hela, oda ni nyingi kuliko mwezi wowote, kwaiyo pesa na pancha vinakuja pamoja. Fundi wangu wa Sabasaba ndo alinipa ujanja, unachukua tairi kuukuu lililolika, unakata zile kingo za waya, linabaki utepe, unaulaza ndani ya tairi zima kabla ya tyubu. Baiskeli inakuwa nzito unaisikia kwenye pedeli, ila mbigiri haifiki kwenye tyubu. Ncha za ule utepe uzichonge ziwe nyembamba maana zikiachwa nene zinakwangua tyubu mpaka inatoboka yenyewe. Mvua zikianza nautoa, kiangazi narudisha. Pia njia za mkato Mei na Juni sipiti, nazunguka na lami.

Oktoba na Novemba ndo joto lenyewe, na mvua bado. Msosi wa mchana unatoka sana kipindi hicho maana hakuna anayetaka kutoka ofisini. Baiskeli usiiache juani imejazwa upepo mpaka mwisho, kiraka kinaachia kwenye solusheni. Mi napunguza upepo kidogo na naegesha kwenye mwarobaini. Maji nakunywa kabla ya kiu, na juisi ya ubuyu jioni, basi.

Mvua zetu ni msimu mmoja tu, Desemba mpaka Aprili, na mara nyingi Februari zinakata katikati unadhani zimeisha kumbe bado. Mwaka mzima ni kama milimita 550 hadi 600, si nyingi, ila zinashuka kwa hasira na makorongo ambayo jana yalikuwa mchanga mkavu yanajaa ghafla. Korongo lenye maji sivuki, hata mteja alalamike vipi. Mzigo naulinda kwa ndoo ya rangi ya lita 20 yenye mfuniko, imefungwa kwenye keria kwa mipira ya tyubu. Tangu mifuko ya rambo ipigwe marufuku Juni 2019 watu wanafunga vitu kwenye karatasi au ile mifuko ya kitambaa, ikinyeshewa imekwisha, ndani ya ndoo inafika kavu. Ila dawa na chakula nimetenga ndoo zake, sichanganyi.

Mvua ikianza mama ntilie wangu ananiambia "Mwanangu, na hali hii utafika kweli?" Namjibu nitafika mama, ila waambie wateja nimeongeza mia tano. Nasema kabla sijatoka, sio mlangoni, mlangoni inakuwa ugomvi.

Tope la mchanga mwekundu halina neno. Balaa ni udongo mweusi wa mabondeni, unajaa kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu linagoma kuzunguka. Madigadi ya mbele nimeyatoa kabisa, la nyuma nimeliinua, nachafuka mgongo lakini natembea.

Mtumba ni kama kilomita 17 kutoka katikati ya mji, hiyo sijidanganyi. Nimekubaliana na jamaa mmoja wa boda kijiweni kwetu, oda za Mtumba na Ihumwa nampa yeye, ananikatia mia tano kwa kila mzigo. Masika mambo yanageuka, kule Nkuhungu mitaa ya chini maji yakituama pikipiki inateleza na yeye hataki kuingia, mi nashuka naweka baiskeli begani naenda kwa miguu mpaka mlangoni. Hapo yeye ndo ananipigia, "Kaka uko wapi, kuna mzigo wa Nkuhungu hapa," na mi namkatia mia tano yake vile vile.