Saumu ya Mtu Mzima na Sahani ya Wali

Kila mtoto wangu anaporudi Wete, Pemba, kwa likizo huuliza swali lilelile: kwa nini Baba anapakua wali kidogo hivi, na kwa nini anaendelea kufunga Jumatatu na Alhamisi hata katika miezi isiyokuwa Ramadhani, ilhali umri umekwenda? Swali hilo ni la haki, na leo nimeona nilijibu kwa maandishi. Funga za sunna nilizianza ujanani kwa kutaka thawabu, na nia hiyo haijabadilika. Kilichobadilika ni mwili unaozibeba. Kipimo cha wastani wa sukari ya miezi mitatu, nilichofanyiwa baada ya kustaafu ualimu, kiliniweka baina ya asilimia 5.7 na 6.4, yaani juu ya kiwango cha mtu aliyesalimika na chini ya asilimia 6.5 ambayo ndiyo huhesabiwa kuwa kisukari. Mke wangu yeye alikwishauvuka mpaka huo zamani na anatumia vidonge. Kwa hivyo nyumba yetu ina watu wawili wenye hali mbili, wanaokula chungu kimoja.

Hoja ninayokutana nayo mara nyingi barazani ni kwamba wazee wetu walikula muhogo, majimbi, ndizi na shelisheli maisha yao yote, na hawakuwa na haya maradhi tuliyonayo sisi. Hoja hii naiheshimu, kwa kuwa wazee hao niliwaona kwa macho yangu. Lakini anayeitoa hukumbuka chakula akamsahau mlaji. Mlaji yule alikuwa juu ya mkarafuu tangu jua halijakuwa kali, akashuka na pakacha, akabeba mzigo wake kwa miguu hadi nyumbani, na jioni akakaa kuchambua na siku ya pili akaanika. Msuli ndio ghala kubwa kuliko yote ya kuwekea sukari inayotoka kwenye chakula, na msuli unaofanya kazi huivuta sukari kutoka kwenye damu hata pale insulini, yaani homoni inayoingiza sukari mwilini kutoka kwenye damu, isipokuwa nyingi. Muhogo wa mtu yule ulikuwa na pa kwenda. Wa kwangu mimi, ninayetoka barazani kuja mezani, unabaki kwenye damu, na hatimaye ini huugeuza mafuta. Tena umri wenyewe unapunguza: kuanzia miaka 30 hivi mtu hupoteza baina ya asilimia 3 na 8 ya misuli yake kila miaka 10, na baada ya 60 kasi huzidi. Sahani ikabaki ileile ya ujana huku msuli ukipungua, sukari lazima ipande.

Na sahani yenyewe si ndogo. Gramu 100 za wali uliokwisha kupikwa zina wanga wa gramu 28 hivi, na muhogo mbichi wa uzito huohuo una gramu 38 hivi. Sahani ya kawaida ya nyumba zetu haipungui gramu 300 za wali, kwa hiyo mtu mmoja katika mlo mmoja anakula wanga unaozidi gramu 80, ambao karibu wote huishia kuwa glukosi, yaani sukari ya damu. Hapo bado chai. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongeza isifike sehemu moja ya kumi ya nguvu tunayopata kwenye chakula, na kwamba ingekuwa bora zaidi ikishuka hadi nusu ya hapo, ambayo kwa mtu mzima ni gramu 25 hivi, sawa na vijiko sita vya chai. Mwenye kutia vijiko vitatu asubuhi na vitatu jioni amekwishaimaliza hesabu hiyo kabla hajagusa halua.

Sasa nije kwenye saumu. Mtu anapokaa bila kula, ini hutoa akiba yake ya sukari, ambayo kwa mtu mzima ni gramu 100 hivi, na akiba hiyo huelekea kwisha kadiri saa za kukaa bila kula zinavyozidi kumi na mbili. Insulini hushuka, mafuta ya mwili huanza kuvunjwa, na ini hutengeneza kutokana na mafuta hayo ketoni, ambazo ubongo na moyo huweza kuzitumia. Sisi tulio karibu na ikweta tuna neema ya kwamba saumu yetu, tangu Alfajiri hadi Magharibi, ni saa 13 na ushei mwaka mzima, haizidi sana wala haipungui sana. Ni muda wa kutosha kwa mwili kuonja hali hiyo, na haumwelemei mtu mwenye afya.

Vijana huniletea kwenye simu maneno mengi kuhusu seli zinazojisafisha zenyewe mtu akifunga. Jambo hilo lina asili ya kweli. Yoshinori Ohsumi wa Japani alipata Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2016 kwa kuonesha namna seli inavyovunja na kutumia tena sehemu zake kuukuu, na aliligundua kwa kuchunguza hamira, hiihii tunayotia kwenye mkate wa kumimina. Hilo hunipa furaha kila nikilikumbuka. Ila anayemwambia mzee kuwa akikaa saa 16 kamili seli zake zitakuwa mpya anasema zaidi ya kilichothibitishwa kwa binadamu. Utafiti uliofanywa Guangzhou, China, na kuchapishwa mwaka 2022 uliwafuata watu wanene kwa mwaka mzima: kundi moja lilipunguza chakula na kula ndani ya saa nane tu za mchana, kundi jingine likapunguza chakula kwa kiasi kilekile bila kubanwa na saa. Mwisho wa mwaka uzito uliopungua haukutofautiana kwa namna ya kutajika. Mimi nimelichukua hilo kuwa na maana moja: saa peke yake hazifanyi kazi yote, kinacholiwa baada yake nacho kina sehemu kubwa, pengine kubwa zaidi.

Na hapa ndipo penye uchungu wangu, nao nausema wazi. Futari yetu inaibomoa saumu yetu. Sitaji haramu wala halali, nataja mwili. Tunafungua kwa tende na uji wenye sukari, kisha juu ya busati moja wanakutana muhogo wa nazi, majimbi, ndizi mbivu zilizotiwa sukari, tambi, kaimati na mkate wa kusukuma, na pembeni jagi la maji ya matunda. Samaki naye yupo, lakini amekuwa mgeni katika shughuli yake mwenyewe. Mtu aliyefunga kwa saa 13, na insulini yake ikashuka kama ilivyotakiwa, anapewa ndani ya nusu saa wanga wa siku nzima. Mwezi unamalizika, na wengine wetu wanaingia Idi wakiwa na uzito zaidi kuliko ule walioanza nao. Nimewaona, nao ni watu ninaowapenda.

Nyumbani kwetu tumekubaliana juu ya mambo machache. Tende ibaki, kwa kuwa ni sunna na kwa kuwa kidogo chake hakidhuru, kisha maji na sala ya Magharibi. Tunaporudi mezani tunaanza na kitoweo na mboga kabla ya wanga. Utaratibu huu si wa kubuni, kwa sababu imepimwa kwamba mtu akila samaki na mboga kwanza, kisha wali au mkate, sukari yake haipandi kwa kasi ile inayopanda akianza na wali. Wanga uwe wa aina moja tu kwa mlo. Siku ya muhogo, iwe siku ya muhogo, na wali usiwepo. Mke wangu ndiye aliyelitia nguvu sharti hili la mwisho, na naona ndilo lililosaidia kuliko yote, kwa kuwa halikutunyima chakula chetu chochote bali limevipangia zamu.

Sihitaji unga wa lozi wala jibini zinazotajwa na wanaofuata mlo wa wanga kidogo huko Ulaya na Marekani. Pemba imejaliwa. Changu wa kuchoma, ngisi wa mchuzi, pweza aliyelainika vizuri kwa kupondwa, samaki wa chukuchuku wenye ndimu na pilipili, dagaa, mayai ya kuku wa kienyeji. Kisha mchicha, mtoriro, kisamvu, bamia na biringani. Kunde na choroko zina wanga, lakini pia zina protini na nyuzinyuzi, na sukari yake hutoka polepole, kwa hiyo mimi sizikimbii. Juu ya nazi nina tahadhari. Haina wanga mwingi, na kwa ajili hiyo wapo wanaodhani haina hesabu, lakini tui zito lina mafuta ya aina inayopandisha lehemu (kolesteroli) mbaya, na mtu wa umri wangu anayelinda mishipa ya moyo afanye heri kulitia jepesi na si kila siku.

Jambo ninalolihofia zaidi kuliko sukari yenyewe ni udhaifu. Katika msikiti wetu, viti vya kusalia vimeongezeka mwaka hata mwaka, na waliovikalia si wote wagonjwa wa magoti. Wapo ambao mapaja yao hayana tena nguvu ya kuwainua kutoka kwenye sijda. Mzee anayefunga na kupunguza wali bila kuongeza samaki hupungua uzito, akasifiwa, na kumbe alichopoteza ni msuli. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2020, ambao watu walikula baina ya saa sita mchana na saa mbili usiku bila kuelekezwa wale nini, ulionesha kuwa uzito mchache uliopungua, kwa wale waliopimwa kwa karibu, sehemu yake kubwa haikuwa mafuta. Kwa kijana huenda si msiba. Kwa mtu wa miaka sabini kuanguka mara moja na kuvunjika nyonga kunatosha kumlaza moja kwa moja.

Wataalamu wa lishe ya wazee wanapendekeza protini ya gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, isipokuwa kwa mwenye maradhi ya figo, ambaye lazima afuate maelekezo ya daktari wake. Mtu wa kilo 65 anahitaji basi gramu 65 hadi 78. Samaki wa gramu 100 ana protini ya gramu 20 hivi, na yai moja gramu 6. Hesabu hiyo ukiigawa kwa futari na daku, utaona kuwa kipande chembamba kilichozama kwenye mchuzi hakitoshi, na kwamba daku ya chai na boflo haimlindi mtu. Sisi daku yetu sasa ni mayai au samaki aliyebaki, mboga, na wanga kidogo. Baada ya Taraweh narudi nyumbani kwa miguu kwa njia ya mbali, na asubuhi nainuka na kukaa kitini bila kushika mikono hadi mapaja yachoke.

Yote haya ni mepesi kwangu kwa sababu situmii dawa ya sukari. Kwa mke wangu mambo ni mazito zaidi. Metfomini peke yake si kawaida kuiangusha sukari chini mno, lakini glibenklamaidi huilazimisha kongosho kutoa insulini, mtu awe amekula au hakula. Akipunguza wanga au akifunga na kidonge kikabaki kilekile, sukari yaweza kushuka: jasho, kutetemeka, maneno kuchanganyika, na kwa mtu mzima pengine usingizi tu ambao walio karibu hawautilii shaka. Wenye kutumia dawa za kundi la gliflozini, zinazotoa sukari kwa njia ya mkojo, nao wasiache wanga wala kufunga bila kuzungumza na daktari, kwa hatari ya damu kuwa na asidi nyingi. Hata vidonge vya presha vinahusika, kwa kuwa mwili ukipewa wanga kidogo hutoa chumvi na maji zaidi, na presha ikaweza kushuka mtu akapata kizunguzungu anaposimama.

Kwa hivyo anapofunga tunapima. Miongozo ya kitabibu kwa Ramadhani inasema sukari ya damu ikishuka chini ya milimoli 3.9 kwa lita, au ikipanda juu ya 16.7, afungue hapohapo, na kuchoma kidole hakubatilishi saumu kwa kauli ya wanazuoni wengi. Iko siku ilikuwa bado saa chache kufika Magharibi, kipimo kikashuka, akataka kustahamili. Nilimsomea aya ya 184 ya Suratul Baqara, inayompa mgonjwa ruhusa, naye akanywa maji ya sukari bila ya kubishana nami tena.

Aliniuliza pia, "Maalim, na mimi yaweza kuondoka kabisa hii sukari?" Nilimweleza nilichokijua. Utafiti uliofanywa Uskochi na kaskazini ya Uingereza, uliochapishwa mwaka 2017, uliwapa wagonjwa mlo wa kalori 850 hivi kwa siku kwa miezi kadhaa, na baada ya mwaka karibu nusu yao walikuwa hawana kisukari kwa kipimo wala hawatumii dawa. Lakini walikuwa watu ambao hawajafikisha miaka sita tangu wagunduliwe, na hawakuwa wa insulini. Yeye miaka hiyo ameivuka. Vidonge vichache na siku zisizokuwa na kizunguzungu ndiyo shabaha yetu, nayo nimemwambia kuwa si ndogo.

Shaaban ikiingia atakwenda kliniki na daftari la vipimo vyake, aulize kama glibenklamaidi ipunguzwe au ihamishiwe Magharibi kwa mwezi ule. Nitakwenda naye, kwa kuwa kipimo changu cha miezi mitatu nacho wakati wake utakuwa umefika.