Kinyama cha titi kikichelewa fomalini

Uvimbe wa titi wa sentimita mbili unaweza kuwa umeshatupa seli mapafuni, huku wa sentimita tano ukiwa bado umetulia titini. Ukubwa una uzito wake, ila kasi ya kusambaa hutegemea sana ni jeni zipi zimeharibika.

Jeni ya TP53 huizuia seli yenye kasoro isigawanyike. TP53 yenyewe ikiharibika, seli huzaliana na kasoro zake, kila kizazi kikiongeza nyingine, mpaka zitokee zinazoweza kuachana na jirani zake, kupenya mshipa na kuota kwingine. Jeni ya BRCA1 hukarabati vinasaba vilivyokatika. Mwanamke aliyerithi BRCA1 yenye hitilafu, saratani yake mara nyingi haina kipokezi (protini ya seli inayonasa homoni) cha estrojeni, haina cha projesteroni, wala haina HER2 (protini ya kuchochea ukuaji) iliyozidi. Aina hii hukimbilia mapafu na ubongo, na ikirudi, mara nyingi ni ndani ya miaka mitatu ya mwanzo. HER2 yenyewe kwa kawaida ni suala la wingi: nakala za jeni zimezidi, seli inaamrishwa kukua bila kupumzika. Hiyo ina dawa yake, trastuzumab.

Kupima jeni moja moja ni ghali. Kipimo cha kila siku ni cha vipokezi kwenye kinyama, yaani kipande kilichokatwa kwenye uvimbe, na hapo ndipo mambo huharibika. Kinyama kiingie fomalini, dawa ya kukihifadhi kisioze, ndani ya saa moja baada ya kukatwa. Fomalini iwe ya asilimia 10: sehemu moja ya fomalini kali kwa tisa za maji ya bafa (yanayozuia fomalini isiwe na asidi), ujazo wake mara 10 ya kinyama, na kikae humo saa 6 hadi 72. Titi zima likatwe kwanza vipande vya milimita 5 hivi, maana fomalini hupenya polepole mno. Kwa joto la Dar, kinyama kilicholala kwenye maji ya chumvi kikisubiri bodaboda ya kukitoa Mbagala hadi Upanga huanza kuoza, protini za vipokezi zinapotea, na maabara inaandika "hasi" kwa saratani yenye kipokezi. Mgonjwa anakosa tamoxifen, kidonge cha kuzuia estrojeni, cha bei nafuu kabisa, kwa sababu ya chupa isiyo na fomalini!

HER2 ikija 2+, yaani ya katikati isiyo wazi, hilo bado si jibu. Zihesabiwe nakala za jeni. BRCA ya kurithi hupimwa kwa damu au mate. Na saratani ikirudi, tuseme kwenye ini, kitolewe kinyama kipya ikiwezekana, kwani vipokezi hubadilika na dawa za awali huenda zisimfae mgonjwa tena.