Wati Nyingi, Nukta Moja

Wateja wanaofika katika karakana tunayochongea mbao na akriliki kwa leza hapa Mwembe Tayari huanza na swali lile lile: mashine ina wati ngapi? Swali si baya, ila halitoshi, kwa sababu wati hupima nguvu inayotoka, ilhali kinachokata mbao ni nguvu hiyo kubanwa mahali padogo.

Diodi moja ya leza ya buluu, yaani kijipande cha elektroniki kinachotoa mwanga, katika mashine za mezani hutoa takriban wati 5. Kichwa cha wati 10 kwa kawaida huwa na diodi mbili, na cha wati 20 nne. Kuna njia mbili za kuiunganisha miale ya diodi hizo. Ya kwanza hutumia vioo vidogo vinavyoipanga bega kwa bega. Ya pili hutegemea uelekeo wa mtetemo wa mwanga: mchemraba wa kioo huupitisha mwale unaotetemeka wima na kuuakisi ule wa mlalo, hata miwili hiyo ikatoka imelaliana kabisa. Hila hii hufaa mara moja tu, maana baada ya hapo hakuna uelekeo wa tatu uliosalia.

Miale iliyopangwa bega kwa bega huongeza wati bila kuongeza ung'avu, yaani jinsi nguvu inavyoweza kubanwa mahali padogo, kwani fungu lenyewe la miale limepanuka. Nukta yake huelekea kuwa mstatili, na ukikata mraba kwenye plaiwudi, pande mbili huwa na mfereji mwembamba kuliko mbili nyingine.

Viwandani, penye leza za nyuzi za kioo, mambo yamekwenda mbali zaidi. Njia moja huipa kila leza urefu wake wa wimbi, yaani kama rangi yake ya mwanga, kisha kioo chenye mistari myembamba mno huielekeza miale yote upande mmoja. Nyingine hutumia urefu mmoja wa wimbi, lakini mawimbi yote hulazimishwa kupanda na kushuka pamoja. Miale minne inayolingana hivyo huleta katikati ya nukta mwanga mkali mara 16 kuliko wa mwale mmoja, ingawa jumla ya nguvu ni mara 4 tu. Ziada ya katikati imechukuliwa pembeni. Wimbi la leza hizo lina urefu wa takriban mikromita 1, kwa hiyo joto kidogo au mtikisiko wa feni hutosha kuuvuruga mpangilio usiposahihishwa papo kwa papo. Kwa maoni yangu, njia hii inapendeza zaidi karatasini. Ningekuwa mnunuzi, ningechagua ile ya mawimbi yenye urefu tofauti.

Katika mashine zetu ndogo, muungano wa bega kwa bega una athari moja ambayo wauzaji hawaitaji. Kila mwale hupita sehemu yake ya kioo cha mbele, hivyo moshi wa plaiwudi ukiganda ukingoni hudhoofisha diodi moja na kuziacha nyingine, na mashine huanza kukata vizuri upande mmoja huku upande wa pili ikichoma tu.