Tiketi imeandikwa Jumanne, 03:40: kundi la kujitolea kutoka Dodoma hadi Ujerumani

Chukua kundi la vijana wanane wa Dodoma wanaokwenda kujitolea Ujerumani kwa mwaka mmoja. Tiketi zimeingia WhatsApp: Jumanne, 03:40, DAR. Watu wanane watazisoma kwa namna tatu.

Wa kwanza ataona 03 na kusema saa tatu na dakika arobaini asubuhi, muda mzuri kabisa. Wa pili anajua saa ya tiketi huhesabiwa kuanzia usiku wa manane, kwa hiyo anaongeza sita na kupata saa tisa na dakika arobaini usiku. Mpaka hapo yuko sawa. Kisha anajipanga kwenda uwanjani Jumanne jioni, wakati ndege ilishatua Ulaya. Wa tatu tu ndiye atakayeelewa kwamba ni usiku wa kuamkia Jumanne, yaani Jumatatu saa tano na nusu usiku lazima awe amesimama mlangoni pa jengo la tatu la uwanja wa Julius Nyerere.

Tatizo si uvivu wa kusoma. Mzee wa pwani akisema "usiku wa Jumanne" anamaanisha ule unaotangulia mchana wa Jumanne, kwa kuwa siku kwake huanza jua likizama. Kijana wa mjini akisema maneno hayohayo anamaanisha ule unaofuata. Kwa hiyo mratibu asitume picha ya tiketi peke yake. Aandike: "Jumatatu tarehe 7 saa tatu usiku tunatoka tulikofikia. Ndege inaruka saa tisa na dakika arobaini, usiku wa kuamkia Jumanne tarehe 8." Na bibi anayetaka kupiga simu ya kuaga aambiwe tu: Jumatatu, ukishamaliza chakula cha usiku.

Tunaanza na saa kwa sababu makosa mengi ya safari za namna hii yana mzizi huohuo: kila mmoja anadhani kuna mwenzake aliyeelewa. Mnasafiri wanane, lakini kwenye dirisha la visa, kwenye mizani ya mizigo na mbele ya ofisa wa uhamiaji husimama mtu mmoja, peke yake, na karatasi zake.

Wengi wanaotoka Tanzania kwenda Ujerumani kwa kazi hii hupitia weltwärts, programu ya kujitolea ya serikali ya Ujerumani. Ilianza mwaka 2008 ikileta vijana wa Kijerumani huku kwetu. Mlango wa kutoka huku kwenda kule ulifunguliwa mwishoni mwa 2013. Ukifika unahesabiwa chini ya utumishi wa kujitolea uitwao Bundesfreiwilligendienst, na kwa mwaka mzima unatakiwa kuhudhuria siku 25 za semina. Umri kwa kawaida ni miaka 18 hadi 28. Kazi inaweza kuwa shule ya chekechea, nyumba ya wazee, shamba au kituo cha walemavu.

Sasa karatasi. Kinachochelewesha watu Dodoma ni majina zaidi ya fedha. Kwenye cheti cha ubatizo ni Yohana, kidato cha nne ni John, NIDA ni Johana. Ester, Esther na Esta ni mtu mmoja nyumbani, ila kwenye kompyuta ni watu watatu. Majina ya ukoo nayo hubadilika kulingana na masikio ya karani: L inakuwa R, Chi inakuwa Ki. Weka cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha taifa na vyeti vya shule mezani, uvisome herufi kwa herufi kabla hujaomba pasipoti. Pakitofautiana, rekebisha kwanza, RITA kwa cheti cha kuzaliwa au NIDA kwa kitambulisho cha taifa, kutegemea kosa liko wapi. Pale ambapo marekebisho hayawezekani haraka, hati ya kiapo kutoka kwa wakili husaidia kueleza kwamba majina hayo ni ya mtu mmoja. Tiketi hukatwa kwa jina la pasipoti, si kwa jina ulilozoea kuitwa.

Pasipoti ni shilingi 150,000: elfu ishirini za fomu mwanzoni, laki moja na thelathini baadaye. Zinalipwa kwa namba ya malipo ya serikali. Picha yake ina rangi ya bluu nyuma. Usipige nakala kumi za picha hiyo ukidhani umemaliza, maana visa ya Ujerumani inataka milimita 35 kwa 45, na nyuma pawe peupe au kijivu hafifu. Mpiga picha anayejua atakutengenezea zote mbili kwa mkao mmoja.

Visa ya zaidi ya siku 90 ni ya kitaifa, ile yenye herufi D. Ubalozi uko Dar es Salaam, jengo la Umoja House, na kila mwombaji anakwenda mwenyewe kwa sababu ya alama za vidole. Mratibu ajitahidi kupata miadi ya siku moja kwa kundi zima, lakini asibebe mafaili yote kwenye begi lake. Kila mmoja awe na faili lake, limepangwa kwa mpangilio uleule wa orodha ya ubalozi, nakala pembeni. Ukiulizwa utafanya kazi gani, jibu kwa maneno yako. Wanane wakitoa jibu moja lililokaririwa, ofisa anaanza kutafuta aliyewafundisha.

Hilo la kubebeana linarudi uwanjani. Kuna viongozi wa safari wanaokusanya pasipoti zote kwenye mkoba mmoja "zisipotee". Mkoba huo ukisahaulika kwenye bajaji zimepotea zote nane. Na hata usiposahaulika, kiongozi akiitwa pembeni kukaguliwa, saba wanabaki foleni bila utambulisho. Kiongozi abaki na orodha tu: jina la pasipoti, namba yake, simu ya mtu wa nyumbani, mzio wa dawa. Kila mtu abebe mkononi, kwenye karatasi, barua ya mwaliko, mkataba, bima, na anwani na simu ya mwenyeji wa kwanza. Karatasi, kwa sababu laini yako inaweza kukosa mtandao dakika ileile utakayoihitaji.

Kadi ya njano, yaani cheti cha chanjo ya homa ya manjano, huanza kufanya kazi siku 10 baada ya kuchanjwa. Tangu Julai 2016 inadumu maisha yote, hivyo usikubali kuchomwa tena kwa sababu tu miaka kumi imepita. Wengi huiona haina maana kwa safari ya Ulaya. Wanaikumbuka wakati wa kurudi, wakikaa zaidi ya saa 12 uwanja wa Addis Ababa au Nairobi, kwa kuwa Tanzania huidai kwa anayepitia nchi zenye ugonjwa huo.

Mizigo ndiyo sehemu tamu, na ndiyo penye vilio. Mashirika mengi ya ndege hutoa kilo 23 kwa begi moja la kupakiwa. Pima nyumbani, ikibidi kwenye mizani ya duka la nafaka Majengo, na uishie kilo 22, maana mizani ya uwanjani haina urafiki. Na msidhani kilo za kundi ni za ujamaa. Mwenzako ana begi la kilo 17 na wewe la 29: bado la kwako limezidi, na mtafungua mabegi sakafuni mbele ya foleni mkihamisha viatu.

Kila anayeondoka Dodoma hupewa chakula. Umoja wa Ulaya hauruhusu msafiri kuingia na nyama wala maziwa kutoka huku, kwa hiyo samli ya shangazi na nyama iliyokaushwa vinabaki. Asali ya Manyoni inaruhusiwa, mwisho kilo 2 kwa mtu, kwa matumizi yako. Zabibu mbichi za Hombolo zinahitaji cheti cha afya ya mimea, sawa na maembe na mapapai. Matunda mabichi yasiyodaiwa cheti hicho ni machache: nanasi, ndizi, nazi, tende na duriani. Mlenda mkavu uliosagwa unasafiri vizuri, ila uweke kwenye kopo lenye lebo, kwa sababu unga wa kijani kwenye mfuko usio na jina huchosha ofisa na wewe mwenyewe. Karanga za kusaga ziende kwenye begi la kupakiwa: kwenye begi la mkononi huhesabiwa kama kimiminika, mwisho mililita 100.

Wengine hubeba zeze au marimba, na ni jambo zuri. Mwanamuziki Hukwe Zawose aliifikisha sauti hiyo ya Wagogo kwenye majukwaa ya dunia. Lakini angalia ngozi iliyowambwa. Ikiwa ni ya kenge au mnyama mwingine wa porini, iache, utahitaji vibali vya wanyamapori vya huku na vya kule. Marimba yenye vijiti vya chuma ipakiwe, maana kwenye mashine ya kukagua mabegi ya mkononi huonekana kama rundo la visu.

Pawabenki ni kinyume chake, hukaa mkononi daima. Kikomo cha kawaida ni wati-saa 100. Ya mAh 20,000 ni kama wati-saa 74, inapita. Ya 30,000 ni kama 111, inahitaji ruhusa ya shirika la ndege. Na kifurushi ulichopewa umpelekee mtoto wa fulani Hamburg, kifungue ukione. Asiyetaka kifunguliwe akipeleke posta.

Kuhusu nguo za baridi, koti zito la mtumba la Sabasaba linakula kilo 3 na lilitoka hukohuko unakokwenda. Chukua sweta mbili, soksi na suruali za ndani za kubana. Koti utalipata kwa wenyeji.

Kutoka Dodoma ondokeni siku moja kabla, hata kama treni ya SGR imefupisha safari hiyo tangu 2024. Barabara ni kama kilomita 450 na mvua haina adabu: Januari 2014 mafuriko yaliikata pale Magole, karibu na Dumila. Treni yenyewe ni ya umeme, na umeme mnaujua.

Kaunta ikikupa kitambulisho cha begi, soma herufi tatu kabla hujaondoka. Unakwenda Frankfurt ziwe FRA, si ADD ya Addis Ababa wala DOH ya Doha, la sivyo begi lako linaishia njiani. Kwenye kubadili ndege tembeeni wawili wawili, na anayekwenda kuswali au chooni amwambie mwenzake, kwa sababu geti hufungwa dakika 15 hadi 20 kabla ya kuruka. Mkipitia Zurich au Amsterdam, ukaguzi wa kuingia unafanyika hukohuko, si Ujerumani. Karatasi zisiwe zimeshapakiwa chini.

Mkifika, saa inarudi nyuma moja wakati wa kiangazi chao, mbili wakati wa baridi. Homa ikikupata ndani ya wiki za mwanzo, mwambie daktari waziwazi kwamba umetoka Tanzania na unaomba kipimo cha malaria. Malaria kali ya falciparum inaweza kujitokeza hata mwezi mmoja baada ya kuumwa na mbu, na daktari wa kijiji cha Bavaria ataanza kufikiria mafua.

Ndani ya wiki mbili za kuhamia unatakiwa kuandikisha anwani yako ofisi ya manispaa, kitu wanachokiita Anmeldung. Nenda na pasipoti na karatasi iliyosainiwa na mwenye nyumba kwamba unakaa pale. Wiki hiyohiyo omba miadi ya kibali cha ukaazi, kwa sababu visa huisha na miadi huchukua muda mrefu kupatikana.

Halafu chukua kipande cha karatasi, uandike jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti, ulibandike kwenye sanduku la barua mlangoni. Kwetu barua hufuata S.L.P. au mtu wa ofisini. Kule mpeleka barua anatafuta jina kwenye sanduku, asipoliona anairudisha. Kadi ya benki, namba yake ya siri na barua ya uhamiaji vyote hupita hapo.