Ngalawa Si Boti Tu

Leo nimekwenda kwa ami nikiwa na swali la kazini: vyombo vya baharini hutofautishwaje, na kila kimoja huitwaje?

Kazi yangu ni kuchora visanduku. Nafungua picha kwenye kompyuta, nazungushia kila kitu kisanduku, kisha nachagua jina lake kwenye orodha: mtu, gari, baiskeli. Programu inayofunzwa kutambua vitu hulishwa maelfu ya picha za namna hiyo. Hukisia, huambiwa imekosea wapi, hujirekebisha kidogo, hukisia tena. Tusilolitaja sisi, yenyewe haitalijua jina lake.

Wiki iliyopita nililetewa picha za pwani. Mojawapo ilikuwa ya ngalawa, matengo yake yote mawili, yaani mbao za ubavuni zinazoizuia isipinduke, yaonekana wazi. Nikatafuta jina, nikakuta moja tu: boti. Nikalichagua, na moyo ukanisuta mchana kutwa. Wala si orodha yetu peke yake. COCO, mkusanyiko wa picha uliotoka mwaka 2014 kwa watafiti wa Microsoft na wenzao, una aina 80 za vitu, na humo kila chombo cha baharini ni boti. Tuktuk haimo. Mkokoteni haumo. Hebu pita Marikiti asubuhi bila kuona mkokoteni!

Ami amevua zaidi ya miaka 40. Nimemkuta barazani hapa Mji wa Kale, Mombasa, nikamwamkia, tukateremka pamoja hadi Bandari ya Kale. Mbali kulikuwa na tanga dogo, nami sikuona zaidi ya tanga.

"Ngalawa hiyo," akasema.

"Umejuaje, ami?"

Akanyamaza. Nadhani hakuwahi kuulizwa.

"Ngoja ikaribie, mwanangu. Waona inavyolala kwenye upepo? Chombo chenye matengo hakilali kama dau."

Ilipokaribia, matengo yakaonekana. Basi akaanza kunifundisha: dau limechongoka mbele na nyuma, mashua nyuma yake imekatwa, mtumbwi ni gogo lililochimbwa, hauna matengo. Yeye mwenyewe alionyeshwa na babake, kwa kidole, mara nyingi hata hakumbuki mara ya kwanza.

Nikapiga picha 23 kwa simu, nikaandika jina la kila chombo daftarini kama alivyonitajia. Nataka kuwapelekea wanaotunga orodha kazini, niwaombe waongeze majina haya. Bahari hii ina watu wanaoijua, na majina yao yanastahili kufika huko.

Tulipofika picha ya tisa akatokea rafiki yake, baharia mzee, wakabishana. Ami anasema dau, mwenziwe anasema mashua. Sehemu ya nyuma imezibwa na chombo kingine.

Nikakumbuka ImageNet, mkusanyiko mwingine wa picha, kazi ya Fei-Fei Li na wenzake iliyotangazwa mwaka 2009 na kufikia picha zaidi ya milioni 14. Sehemu ya picha hizo ndiyo iliyofunza AlexNet, programu iliyowaacha wenzake mbali katika shindano la mwaka 2012 la kutambua vitu. Waliozipa majina ni watu wengi kupitia intaneti, na picha moja iliulizwa watu kadhaa hadi wengi wakubaliane.

Sisi tuna wawili, kila mmoja na lake. Daftarini, mbele ya picha ya tisa, nimeacha nafasi wazi. Kesho baada ya alasiri tutamwendea fundi aliyekitia kalafati chombo chenyewe.