Kumbukumbu ya mradi wangu: mfano wa mbao wa ukumbi wa Georgian Theatre Royal

Mradi huu unaendelea polepole hapa Majengo, Moshi, na tangu nilipoandika mara ya mwisho umebadilika sura. Nilikusudia kujenga kwa kipimo cha 1 kwa 25 mfano wa Georgian Theatre Royal, ukumbi mdogo wa maigizo ulioko katika mji wa Richmond, Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, ili vijana wa kikundi cha maigizo cha mtaa wetu waone jinsi waigizaji na watazamaji wa zamani walivyokaribiana. Lakini kadiri ninavyoisoma historia yake, ndivyo ninavyoona kwamba mfano unaoonyesha jukwaa peke yake utaficha sehemu iliyo muhimu zaidi, yaani karibu karne nzima ambayo jengo lile lilitumika kwa kila kazi isipokuwa maigizo.

Ukumbi ulijengwa mwaka 1788 na Samuel Butler, mwigizaji ambaye pia aliongoza kundi lake mwenyewe. Mwaka huohuo Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyowaruhusu mahakimu wa nje ya London kutoa leseni za maigizo kwa muda usiozidi siku 60 kwa mara moja. Kwa maoni yangu, sharti hilo linaeleza mengi kuhusu udogo wa jengo. Butler alikuwa na kumbi katika miji mingine pia, ikiwamo Harrogate, Kendal, Ripon na Whitby, na kundi lake lilihama kutoka mji mmoja hadi mwingine likifuata misimu ya mbio za farasi na ya minada. Mtu anayekaa mahali kwa wiki chache tu, kisha akafunga virago, hana sababu ya kujenga jumba la fahari.

Kuta za nje zimekamilika. Nimetumia plaiwudi nyembamba kwa kuta na mabaki ya mbao za paini, niliyopewa na fundi seremala wa Pasua, kwa nguzo na sakafu. Masika yamenichelewesha, kwa kuwa gundi ya mbao haikauki vizuri hewa inapokuwa na unyevu, na vipande vyembamba hupinda usiku mmoja tu vikiachwa bila kubanwa.

Kazi ya ndani ndiyo iliyonipa raha. Katikati kuna sehemu ya watazamaji iliyochimbwa chini ya usawa wa jukwaa, yenye mabenchi. Kuizunguka kwa pande tatu kuna vyumba vidogo vya watu wenye nafasi, vilivyopambwa kwa majina ya waandishi wa tamthilia. Na juu yake kuna roshani ya watu wa kipato cha chini. Kwenye roshani hiyo zimepigiliwa mbao ambazo watazamaji walizipiga mateke ili kuonyesha kwamba wamefurahi au wamechukizwa. Nilipowaeleza vijana wetu jambo hilo walicheka sana, kisha mmoja wao akauliza kama nasi tunaweza kuweka mbao za namna hiyo katika ukumbi wa mtaa, na sikupata sababu yoyote ya maana ya kumkatalia. Mlangoni nimeweka kibanda cha kukatia tiketi, kwa kuwa kile cha asili kipo hadi leo.

Mabadiliko makubwa ya mpango wangu yanahusu sakafu. Familia ya Butler iliacha kukodi jengo mwaka 1830, maigizo yakazidi kuwa haba, na ilipofika mwaka 1848 sehemu iliyochimbwa iligeuzwa kuwa maghala ya mvinyo, huku sakafu mpya ikitandazwa juu yake ili pafanyike minada. Baadaye jengo lilitumiwa na mfanyabiashara wa nafaka, likawa ghala la samani, na wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia likawa mahali pa kukusanyia vitu chakavu. Kwa hiyo nimetengeneza sakafu ya pili inayopachikwa na kuondolewa: ikiwapo, mtu anaona chumba kitupu chenye magunia, ikiondolewa, ukumbi wa maigizo unajitokeza chini yake.

Fundi wa Pasua alipoiona alinitazama kwa mashaka.

“Mwalimu, sasa hili ni jumba la maigizo au ni ghala?”

“Ni vyote viwili, fundi. Ghala ndilo lililolilinda.”

Nilimaanisha nilichosema. Mwenye ghala hajali roshani wala jukwaa, lakini anajali sana paa lisivuje, na hana haja ya kutumia fedha kubomoa kuta za ndani ambazo hazimzuii kupanga magunia. Laiti jengo hilo lingebaki tupu, au lingepata mmiliki tajiri mwenye hamu ya kwenda na wakati, sidhani kama roshani ile ingesalia. Jirani zetu wa Arusha wana mfano wao, ingawa wa namna nyingine: jengo la Makumbusho ya Azimio la Arusha lilikuwa ukumbi wa jamii, Halmashauri Kuu ya TANU ikakutana humo Januari 1967, na tangu mwaka 1977 ni makumbusho. Matumizi yalibadilika, kuta zikabaki.

Huko Richmond, thamani ya jengo ilianza kutambuliwa tena katika miaka ya 1940. Mwaka 1960 iliundwa amana ya kulisimamia, michango ikakusanywa, na mwaka 1963 likafunguliwa tena kwa maigizo. Ukarabati mwingine mkubwa ulikamilika mwaka 2003. Hadi leo watu wanaojitolea wana sehemu kubwa katika uendeshaji wake, na nadhani kwa kikundi kama chetu hilo lina uzito kuliko umri wa mbao.

Sasa niko kwenye mandhari ya jukwaani. Ukumbi huo una mandhari ya msituni iliyochorwa kati ya mwaka 1818 na 1836, inayohesabiwa kuwa kongwe kuliko zote zilizosalia Uingereza, na upande wake wa nyuma umechorwa chumba cha rangi ya buluu. Mimi ninachora kwenye kadibodi, msitu upande mmoja na chumba upande wa pili, na miti imenishinda kidogo, kwani kila nikichora inafanana na migrivilea ya shambani kwetu. Kuhusu mwanga, nimefunga vitaa vya tochi pande zote mbili, jukwaani na kwa watazamaji, kwa sababu enzi za mishumaa ukumbi haukuzimwa taa na watu walionana wao kwa wao muda wote wa igizo.

Kabla ya kuupeleka mfano kwa vijana nitatengeneza sanamu za watu, ambao kwa kipimo hiki watakuwa na urefu wa sentimita 7 hivi, pamoja na magunia ya kutosha kwa ajili ya sakafu ya juu. Nimeamua kwamba wauone kwanza ukiwa ghala, kisha wao wenyewe waiondoe sakafu.